Namna ya Kusomea Uhasibu Bila Kuuona

Hongera, binti. Matokeo ya KCSE yametoka, nyumba yenu ya Kangemi imekunywa kreti mbili za soda, na kikao cha familia kimeisha bila wewe kuulizwa neno. Utasomea uhasibu. Baba mkubwa ndiye aliyetamka, shangazi wa Uthiru akaunga mkono kwa simu iliyowekwa mezani ili wote wasikie, na nyanya, ambaye hajui uhasibu ni mnyama gani, akafunga kwa maombi. Wakati huo wewe ulikuwa jikoni ukisonga ugali wa watu kumi na wanne. Na wewe unataka kuigiza.

Usilie. Tafadhali pia usisimame katikati ya sebule kuzitangaza ndoto zako. Msichana akitangaza ndoto zake Kangemi, huitiwa mchungaji. Nimewaona mashujaa wengi wa sebuleni. Baada ya mwaka wanauza laini za simu chini ya mwavuli, na ndoto waliiacha palepale kwenye kochi. Ushujaa ni ghali. Mimi nakuletea bidhaa ya bei nafuu: utiifu. Utiifu wa juu juu, uliopigwa pasi.

Hatua ya kwanza: kubali haraka

Sema "Sawa, Baba" kabla hajamaliza kusema. Sema kwa uso wa mtu aliyeota mizania tangu chekechea. Akishangaa, ongeza: "Nilikuwa nangoja tu mniambie."

Sasa nikupe siri ambayo kikao chenyewe hakikujua kwamba kinaifichua. Familia haitaki mhasibu. Familia inataka sentensi. Mama anahitaji kitu cha kusema Jumapili nje ya kanisa, pale kina mama wa chama wanapouliza kwa ule upole wao wenye sumu, "Na yule msichana wako siku hizi yuko wapi?" Baba anahitaji kitu cha kusema kwa kinyozi. "Anasomea CPA" ni sentensi safi sana. Ina herufi tatu, na hakuna anayethubutu kuuliza maana yake asije akaonekana mshamba. "Anaigiza" hufungua maswali: wapi, na nani, saa ngapi, na analipwa nini? Basi wape sentensi yao. Hiyo hupatikana kwa siku moja, hali taaluma huchukua miaka, na ukisikiliza vizuri utagundua waliomba ile ya siku moja.

CPA yenyewe, kwa mtu mwenye nia kama yako, ni kama imetumwa. Mitihani yake hutolewa na KASNEB, bodi iliyoanzishwa 1969, yenye jumba lake Upper Hill ambalo baba anaweza kulinyooshea kidole akiwa barabarani. Ina ngazi tatu. Hufanywa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mtu anaweza kurudia karatasi na heshima yake isipungue, maana wahasibu wa kweli nao walirudia. Hakuna mzazi jijini anayejua kwa hakika mwanawe yuko ngazi gani. Ukiulizwa, jibu ni moja tu: "Nimebakiza kidogo."

Hatua ya pili: chagua chuo kwa kutazama barabara

Usitazame ubora wa walimu. Hutakutana nao.

Tafuta chuo cha katikati ya jiji, upande wa Moi Avenue, ghorofa ya tatu, juu ya duka la simu, lifti iliyokufa zamani. Baba ana goti, hatapanda. Lakini usijidanganye kuhusu ada. Wazazi wa siku hizi si wale wa kumkabidhi mtoto noti kwenye bahasha. Baba atalipa mwenyewe kwa simu, moja kwa moja hadi chuoni, na ujumbe wa M-Pesa ataubandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili wote waseme amina. Kiti chako darasani kitakuwa kimelipiwa kikamilifu. Kiache kipumzike.

Uzuri wa chuo cha mjini ni njia yake. Matatu namba 23 hutoka Kangemi, hushika Waiyaki Way, hupenya Westlands, hupita Chiromo, huteremka Museum Hill. Siku ambayo dereva hajaamua kuwazungusha Ngara, kabla hujafika jijini utakuwa umekaribia Harry Thuku Road, na pale, mkabala na hoteli ya Norfolk, ndipo ilipo Kenya National Theatre. Ipo tangu 1952. Ilifungwa ikakarabatiwa, ikafunguliwa tena 2015, na viti vyake vinakishinda kile kilicholipiwa na baba yako.

Kwa hiyo hukumdanganya mtu. Ulisema unaenda mjini, na mjini ulikuwa unaenda. Umeshuka mapema tu. Uongo wote, ukiupima, ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Hatua ya tatu: vaa kazi usiyoifanya

Sketi ya rangi ya kijivu. Viatu vya chini. Faili kwapani. Kikokotoo kikubwa, kile chenye vitufe vinavyolia, kiwe kinachungulia mfukoni mwa mkoba ili jirani akione ukipita dukani. Ndani kabisa ya mkoba weka leso na suruali ya mazoezi. Mswada wa mchezo uweke katikati ya kitabu cha kodi. Hakuna mtu duniani atakayekifungua kwa hiari.

Jifunze maneno matatu: mizania, ukaguzi, ushuru. Mjomba akikubana kwa swali la kitaalamu, kunja uso kidogo, useme, "Inategemea mwaka wa fedha, Mjomba." Halafu mtajie Mswada wa Fedha. Tangu Juni 2024, vijana walipomiminika katikati ya jiji hadi wakaingia Bungeni kuupinga mswada huo, hakuna mtu mzima Nairobi asiye na hotuba yake tayari. Mjomba ataongea dakika arobaini. Wewe tikisa kichwa. Atakwenda kwao akisema kwamba msichana yule ana akili sana.

Hatua ya nne: igiza kitu chenye mtihani

Hapa kaa chini, maana ndipo penye asali.

Ukianza na mchezo wa mapenzi wenye busu katika onyesho la pili, umekwisha. Picha itasambaa, itafika Uthiru, shangazi ataanguka. Anza na kitabu cha kutahiniwa. Vikundi vya maigizo vya Nairobi vimeishi miaka na miaka kwa kazi hii: wanachukua tamthilia ambayo watahiniwa wa KCSE wanaisoma, wanaiweka jukwaani, na shule zinaleta wanafunzi kwa mabasi. Asubuhi onyesho moja, mchana jingine. Ukumbi unajaa sare za kila rangi, wanafunzi wanapiga kelele wasizozipiga darasani, na mwalimu amekaa pembeni akisali yasitokee ya kuandikiwa barua.

Mama anaweza kupinga sanaa. Mama hawezi kupinga KCSE. Hiyo ndiyo dini ya pili ya Kenya, na kuna nyumba ambamo ni ya kwanza. Ukigundulika, unasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejitolea, "Mama, tunawasaidia watoto wa wenyewe na marudio." Atakufungia chakula.

Na tazama ujanja wa mtaala. Miaka hii moja ya tamthilia hizo ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Humo kuna Yona, mwanamume anayechekwa na kijiji kwa kuzaa mabinti watupu, hadi anajitosa kwenye pombe. Miaka inapita, mkewe Sara anaugua moyo, na anayebeba gharama za matibabu ni binti yao Neema, huko mjini. Omba upewe Neema. Utasimama mbele ya vijana mia kadhaa uyaseme yote ambayo sebuleni kwenu ungezabwa kofi kwa kuyasema, na serikali itawauliza maswali ya alama ishirini kuhusu hayo. Mimi katika maisha yangu sijaona msichana aliyepata kipaza sauti kwa bei rahisi kuliko hiyo.

Malipo ni madogo, na yatachelewa. Yakifika, mtumie mama shilingi mia mbili siku hiyo hiyo, bila maelezo. Cheti akikiona atakiweka kabatini. Ujumbe wa M-Pesa atausoma mara nne.

Hatari ni moja. Una ndugu mdogo kidato cha tatu. Shule yake nayo ina basi. Siku moja utatoka nyuma ya pazia ukiwa umejifunga leso ya Neema, na safu ya sita kutakuwa na mdomo uliobaki wazi. Usisahau maneno yako, maliza onyesho. Kisha mtafute kabla basi halijaondoka, umnunulie chipsi na soseji. Wiki ijayo atataka kuku. Baada ya hapo atataka viatu. Benki zote za Nairobi zina riba, lakini ya ndugu mdogo haina ukomo, wala Benki Kuu haijui ipo.

Hatua ya tano: jina

Jina lako likibandikwa ukutani Westlands kama lilivyo kwenye kitambulisho, umejichongea. Wala huhitaji jina la kizungu. Badilisha herufi moja.

Usidhani nimelitunga hili. Kila asubuhi matatu yako inapita Chiromo. Hapo, katika idara ya anatomia ya mifugo, alifanya kazi mwanamke aliyerudi kutoka Marekani 1966 akiwa na barua ya ajira ya idara nyingine, akakuta nafasi amepewa mtu mwingine. Akaingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Ndoa yake ilipovunjwa mahakamani mwaka 1979, mume hakutaka aendelee kulitumia jina lake la Mathai. Mwanamke akachomeka "a" moja katikati, akawa Maathai, na mwanasheria gani atakudai herufi? Jina hilo lenye herufi ya ziada ndilo lililopokea Tuzo ya Nobel ya Amani 2004, na ndilo lililoandikwa kwenye barabara iliyokuwa Forest Road. (Alimkosoa pia jaji wa kesi hiyo hadharani, akalala siku tatu gerezani Lang'ata. Sehemu hiyo usiige. Wewe una onyesho la asubuhi.)

Kama wewe ni Nafula, kuwa Naafula. Shangazi ataliona bango, atakuja mbio: "Kuna msichana pale anafanana na wewe kama mapacha!" Mwambie, "Dunia ina mambo, Shangazi." Kisha muulize habari za presha yake.

Hatua ya sita: usinunue cheti River Road

Sikukatazi kwa sababu ya maadili, tumeshapita huko. Nakukataza kwa sababu ya fremu. Baba atakitia kwenye fremu, atakitundika juu ya televisheni, na Krismasi atakuja binamu anayefanya kazi benki, atasimama mbele yake na glasi mkononi, asome, asogee karibu, asome tena. Isitoshe, mapema 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilipekua vyeti vya watumishi wa serikali ikakuta bandia zaidi ya 2,000. Hao walikuwa na ofisi, magari na wake wawili. Wewe una kikokotoo tu. Mtu ambaye bado "amebakiza kidogo" hahitaji cheti.

Hatua ya saba: ukikamatwa

Utakamatwa. Kangemi ina macho, na ndugu yako ana bei ambayo siku moja utashindwa nayo.

Taja Lupita Nyong'o, yule mwigizaji. Usingoje baba apandishe sauti, mtaje mapema. Sema kwamba alikuwa na miaka 14 tu alipoigiza Juliet na Phoenix Players, pale Professional Centre, Parliament Road, karibu kabisa na ofisi ambamo baba hulipia vibali. Sema kwamba filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa hapa Kenya hakuwa mbele ya kamera. Alikuwa mmoja wa vijana wa kukimbizwa huku na huko nyuma yake. Kisha Yale. Kisha usiku wa Machi 2, 2014, na sanamu ya dhahabu ya Oscar mkononi. Mkumbushe baba wiki ile: Mexico, alikozaliwa, ikasema ni wetu, na Kenya, alikolelewa, ikasema mtatuua kwanza. Nchi mbili zikigombania mwigizaji, na hakuna mjomba hata mmoja katika hizo mbili aliyeuliza kama ana CPA.

Baba atakaa kimya. Utadhani umeshinda. Halafu atasema polepole, "Yule baba yake ni profesa na mwanasiasa. Baba yako ni fundi wa mabomba."

Hapo nyamaza. Amekupata, na mwongozo huu hauna dawa ya hilo. Mtoto wa profesa akianguka, anaangukia kwenye zulia. Wewe ukianguka unamwangukia yeye, na yeye goti lake unalijua. Mpe maji ya kunywa. Usiku huo usibishe tena.

Kesho yake atakukataza rasmi, mbele ya watu. Vizuri. Katazo ni tangazo ambalo hukulilipia. Aprili 2018 bodi ya kuainisha filamu iliipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wanaopendana hapa Nairobi. Septemba mahakama ikailegeza marufuku kwa siku saba tu, na Nairobi, inayochelewa hata kwenye harusi zake, ikapanga foleni Prestige, Ngong Road, hadi tiketi zikaisha. Baba akikukataza, mtaa mzima utataka kujua ni kitu gani hicho. Mama atakuwa wa kwanza.

Hatua ya nane: mlete mama

Mkatie tiketi, umpe mkononi, ya karatasi, aishike. Mweke safu ya tatu katikati, asiione kamba na ndoo zilizopo pembeni ya jukwaa. Mwambie avae kile kitenge cha harusi ya binamu. Atakuja na mama wa duka, ili awepo shahidi wa aibu ikiwa ni aibu, na wa fahari ikiwa ni fahari.

Ataongea wakati wa mchezo. Atajibu maswali ambayo Sara anamuuliza Yona. Wewe utakapoanza kumlilia mama wa kwenye mchezo, mama wa safu ya tatu atatoa leso, na akitoka pale nje, watu wakinunua maji, utamsikia akimwambia mtu asiyemjua kabisa: "Yule aliyelia ni wangu. Na anasomea CPA pia."

Hiyo "pia" umeihangaikia mwaka mzima. Ichukue, uondoke nayo.

Na moja la mwisho, lililoniangusha mimi

Usiwaambie waigizaji wenzako kwamba unasomea uhasibu.

Nakuomba, binti. Kila kikundi cha maigizo Nairobi kina watu kumi na wawili, ngoma mbili, na fedha zinazokaa katika mfuko wa koti la mtu mmoja. Koti hilo halifuliwi na hesabu yake haisemwi. Siku utakapotamka zile herufi tatu, hata kwa mzaha, watageuka wote wakutazame kama watu wa nyikani walioona bomba. Utapewa daftari la risiti. Utapewa simu ya kikundi na namba yake ya siri. Utapewa cheo cha mweka hazina kwa makofi, na wewe, kwa kuwa makofi ndiyo ugonjwa wako, utainama na kushukuru.

Mwezi wa kwanza zitakosekana shilingi 1,400. Mlaumu mpiga ngoma. Mwezi wa pili zitakosekana 3,000, na mpiga ngoma atakuwa ameanza kuomba risiti kwa kila kitu, hata chai. Shule itakuwa imelipa wanafunzi mia mbili na kuleta mia mbili na arobaini. Ukumbi utadai malipo ya awali. Utakesha na kile kikokotoo kikubwa, ukigundua kwa mara ya kwanza kwamba kina kitufe ambacho hujui ni cha nini.

Asubuhi moja utakuwa ndani ya 23, Museum Hill itapita, na utakuta hujashuka.

Teremka mjini. Panda zile ghorofa tatu. Kaa mbele kabisa, toa daftari, na inua mkono uulize fedha ndogondogo za matumizi huandikwa wapi. Mwalimu atatazama juu ya miwani akuulize wewe ni nani. Mtajie jina, lile la herufi zake za kawaida. Limo kwenye orodha. Ada imelipwa tangu Januari.